Ushanga wa Koplo Dadi

Sajinitaji Stamili Hokororo aliwachukia maofisa wanafunzi wote sawasawa, na wao walimheshimu kwa hilo. Aliwakimbiza tangu alfajiri katika baridi ya chuo cha Nyanda Nane mpaka pua zikavuja, na jioni bwenini walimsifia kwamba yule mama ni mkali lakini hana upendeleo. Walikosea. Mwaka ule alikuwa na mmoja aliyemchukia kuliko wengine wote, na alimchukia kwa jina la ukoo.

"Kahangwa, hiyo ni saluti au unafukuza nzi?"

"Saluti, afande."

"Zunguka uwanja mara tano, ukirudi uniulize tofauti."

Ofisa mwanafunzi Kokushubira Kahangwa alizunguka mara tano, akarudi, akasimama mguu sawa huku mvuke ukimtoka mabegani.

"Tofauti ni nini, afande?"

Wenzake walijikaza wasicheke. Stamili naye ilibidi ageuke atazame mlingoti wa bendera. Hilo ndilo lililomkera. Kwa miezi kumi na saba alimtafutia binti huyu kosa la maana akalikosa. Koku, kama wenzake walivyomwita, alisoma ramani kuliko wakufunzi wake. Alibeba mzigo wa mwenzake aliyeteguka kifundo bila kuambiwa, na hakuwahi hata siku moja kutaja cheo cha baba yake. Angekuwa mvivu, au mwenye nyodo, kazi ingekuwa nyepesi.

Baba yake alikuwa Brigedia Jenerali Sospeter Kahangwa. Miaka saba nyuma, alipokuwa bado Kanali, ndiye aliyekuwa akiongoza vita vya Daraja la Nsenkwa kwa redio, akiwa kilometa nne nyuma ya daraja lenyewe. Askari kumi na mmoja walikufa pale. Taarifa yake ilisema walikufa kwa sababu koplo mmoja aliogopa, akaacha nafasi yake, akakimbia na wenzake sita. Koplo huyo aliitwa Dadi Hokororo. Alizikwa Newala bila bendera na bila mizinga, na mama yake, aliyewalea yeye na Stamili kwa korosho na mihogo, akaanza kuitwa sokoni mama wa mtoro. Miaka miwili baadaye mama naye akafa. Stamili hakuwa na shaka amuandikie nani kifo hicho cha pili.

Alijua mdogo wake hakukimbia. Mmoja wa wale sita alimnong'oneza msibani, kabla hajafukuzwa jeshini kama wenzake. Lakini minong'ono haimuondoi mtu kwenye orodha ya watoro. Kilichoweza kumuondoa kilikuwa kitu kidogo kuliko punje ya mtama, na kilikuwa hapohapo chuoni, katika droo ya stoo, kimeandikwa neno moja: umeharibika.

*

"Niliandika kwa mkono wangu huu," alisema Fundi Nambunga, mtunza stoo ya chuo, akiuweka ushanga juu ya kitambaa cheupe mbele ya Stamili. "Alikuja ofisa wa Kahangwa, akaniambia andika umeharibika. Nikaandika. Nilikuwa na watoto watatu shuleni, dada yangu. Sikuulizi kama unanisamehe."

"Vizuri, maana sijakusamehe. Unafanya kazi?"

"Haujawahi kuacha kufanya kazi."

Kila askari wa Shirikisho huwekewa ushanga nyuma ya sikio siku anayoapishwa. Unanasa anachokiona, anachokisikia na kinachompata mwilini, saa moja tu, na dakika mpya ikiingia dakika kongwe inafutika. Moyo ukisimama, nao unasimama na saa ile ya mwisho tumboni mwake. Shanga za waliokufa huletwa Nyanda Nane. Hakuna ofisa mwanafunzi anayetunukiwa kamisheni kabla hajalazwa kwenye kitanda cha Nambunga akavaa saa ya mwisho ya askari aliyekufa kwa amri mbovu. Walioanzisha utaratibu huo walisema ofisa lazima afe mara moja kabla hajaruhusiwa kuwaua wengine. Siku ya gwaride la kuhitimu, kila mmoja hujitokeza mbele, hutaja jina la aliyemvaa, kisha hutoa upya ile amri, jinsi ilivyopaswa kutolewa. Hiyo huitwa kauli ya marehemu, na sheria ya jeshi inaikubali kama ushahidi wa marehemu mwenyewe.

Walipovaa wale wa kwanza, watatu hawakurudi na akili zao, na wawili walitaja majina ya majenerali. Ndipo chujio likatengenezwa. Ni swichi moja upande wa kushoto wa mashine. Likiwa limewashwa, maumivu yote hupunguzwa yakawa kama ya kujikwaa kidole, na sauti za makamanda redioni hugeuzwa sauti moja isiyo ya mtu yeyote, ili mwanafunzi ajifunze kosa asimjue mkosaji. Wakubwa walilipenda sana chujio. Walilipenda kiasi kwamba hawakukumbuka kuifuta ile sheria ya ushahidi.

"Huwezi kuondoa sauti ukaacha maumivu?" Stamili aliuliza, ingawa alishauliza mara nne.

"Mambo mawili, swichi moja. Ndivyo walivyotaka." Nambunga alifuta miwani yake kwa ncha ya koti. "Sikiliza. Nimeupima ushanga kwa nje, naona mapigo na mawimbi ya redio tu. Redio inalia dakika ya thelathini na nne, tena dakika ya thelathini na saba. Kisha kimya. Jeraha linaingia dakika ya hamsini na moja. Ukizima chujio dakika ya thelathini na kuliwasha ya arobaini, mtoto wa watu atasikia atakachosikia na hataumia zaidi ya michubuko ya kutambaa. Wakiuliza, nitaapa chujio liliharibika lenyewe kwa dakika kumi. Likiharibika, kauli inabaki. Wakijua limezimwa kwa makusudi, kauli inafutwa, na wewe unakwenda jela."

"Dakika kumi."

"Dakika kumi, Stamili. Zinatosha kumsafisha Dadi."

"Nimesema dakika kumi," alisema Stamili, na wakati huo alimaanisha.

*

Zamu ya Koku ilikuwa saa nne asubuhi. Aliingia chumba cha kuvalia akiwa amenyoa upya, nywele hazizidi kimo cha punje ya mchele, akapiga saluti, akauliza swali ambalo desturi inamtaka kila mvaaji aulize.

"Nani ananisubiri, afande?"

Stamili alikuwa amelisubiri swali hilo kwa miezi kumi na saba.

"Koplo Dadi Hokororo. Kombania ya Pili, Daraja la Nsenkwa."

Macho ya binti yalishuka hadi kwenye kibao cha jina kifuani mwa mkufunzi wake, yakabaki pale.

"Ni nani wako, afande?"

"Mdogo wangu. Tumbo moja."

"Nyumbani niliambiwa alikimbia. Niliambiwa kumi na mmoja walikufa kwa ajili yake."

"Una haki ya kuomba ushanga mwingine," alisema Stamili harakaharaka, kwa kuwa kanuni ilimlazimisha kusema. "Hakuna atakayekuuliza sababu."

Koku alifikiri. Alikuwa na tabia ya kung'ata shavu kwa ndani akifikiri, na Stamili aliwahi kumkimbiza uwanja mzima kwa sababu ya tabia hiyo.

"Hapana," alisema. "Kama alikimbia nataka kujua. Na kama hakukimbia nataka kujua zaidi." Akavua buti, akalala.

Nambunga alimbandika vigusio kichwani, akaweka ushanga mahali pake, akawasha. Mvaaji hasemi wala hasogei kwa hiari yake, lakini midomo huyafuata maneno ya marehemu, na masikio yake mwenyewe hayafungwi kabisa. Mwanzoni midomo ya Koku ilichezacheza tu. Dakika ya tisa ikatoka sauti.

"Huo si ugali, huo ni tofali. Mpe adui aujaribu, vita iishe."

Kisha akacheka. Koo lilikuwa la Koku lakini kicheko kilikuwa cha Dadi, kile cha kuvuta pumzi ndani kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Stamili alikuwa hajakisikia kwa miaka saba. Alishika ukingo wa meza. Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kumsikia mdogo wake akifanya mzaha wa chakula.

Dakika ya thelathini alizima chujio.

Mara moja vidole vya Koku vilikunjika. Sasa alikuwa anasikia baridi ya Nsenkwa yenyewe, na njaa, na uzito wa bunduki. Dakika ya thelathini na nne mwili wake ulikakamaa wote, kutoka kisigino hadi shingo.

"Tata," alisema. Hilo halikuwa neno la Dadi. Ndivyo Wahaya wanavyomwita baba. Kisha midomo ikarudi kwa marehemu. "Ndiyo, afande. Tunashika daraja mpaka magari yafike. Ndiyo, afande, yako njiani."

Nambunga alimtazama Stamili. Stamili hakumtazama mtu.

Dakika ya thelathini na saba: "Afande, samahani, huku tunasikia injini zinaelekea kusini, zinatuacha. Je, ndiyo magari yetu?" Kimya. "Nimeelewa, afande. Ni upepo." Kimya tena, halafu kwa sauti ya chini, kwa mtu aliye karibu: "Nyie sita mna watoto. Piteni chini ya daraja, mfuate mto. Ni amri yangu, nitajibu mimi. Nendeni kabla sijabadili mawazo."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hayakuwepo magari. Yaliyokuwepo yalikuwa yanambeba Kanali Kahangwa na mafaili yake kwenda kusini, na watu kumi na wawili walibaki kushika daraja ili yeye apate nafasi ya kuondoka.

"Arobaini," alisema Nambunga. "Washa."

Mkono wa Stamili ulikuwa juu ya swichi.

"Stamili, washa. Umepata ulichokitaka."

Hakuwa amepata. Hakuna cha kumtetea hapa, na yeye mwenyewe hakuwahi kujitetea. Mkono haukuganda, wala hakupitiwa. Alisikia vizuri, alijua ni dakika ya ngapi, na alijua jina la Dadi limekwisha kusafishika. Lakini kulikuwa na mama aliyekufa akiitwa mama wa mtoro, na kulikuwa na mtu aliyepandishwa cheo kwa kumwambia mdogo wake kwamba injini ni upepo. Mtu huyo alikuwa na kitu kimoja tu duniani alichokipenda, na kitu hicho kilikuwa kimelazwa hapa bila buti. Stamili alitaka Brigedia Kahangwa aumie mahali pasipofungika bandeji. Aliutoa mkono kwenye swichi akaukunja kifuani.

"Dakika kumi ningekuapia," alisema Nambunga. "Hizi nyingine sikuapii. Wallahi sikuapii."

"Usiape."

Alisimama katikati ya mzee na mashine. Nambunga alikuwa na miaka sitini na tatu na goti bovu, hakuweza kumpita. Dakika ya hamsini na moja mguu wa kushoto wa Koku uliruka juu ya kitanda, na yowe lililomtoka lilikuwa la watu wawili kwa pamoja. Stamili alilisikiliza. Alikuwa amejiahidi atafurahi, na kwa dakika mbili za mwanzo alifurahi kweli. Dakika ya tatu yowe likawa la Dadi peke yake, akimwita dada yake kwa jina alilomwita utotoni, Stami, Stami, njoo. Ndipo akatambua kwamba saa hiyo alikuwa anamtesa mdogo wake kwa mara ya pili, na bado hakusogea. Dakika ya hamsini na nane Nambunga alimsukuma kwa bega lake lote, akaipiga swichi kwa ngumi.

Koku alifumbua macho baada ya nusu saa. Alitapika, akapangusa mdomo, akainuka kwa viwiko.

"Hakukimbia," alisema kwa sauti yake mwenyewe. Kisha akautazama mguu wake wa kushoto kwa muda mrefu. Ulikuwepo, mzima, una soksi ya chuo. Alijaribu kuusogeza na haukusogea.

*

Gwaride la kuhitimu lilifanyika siku nne baadaye, jua likiwaka na bendi ikipiga. Mgeni rasmi alikuwa Brigedia Jenerali Kahangwa, kwa sababu binti yake ndiye aliyeongoza darasa na Mkuu wa Chuo alitaka kumfurahisha. Alikaa jukwaani na kofia yake magotini. Ukimtazama ungedhani ni babu mwema, na pengine nyumbani kwake alikuwa hivyo.

Wahitimu walijitokeza mmojammoja. Kauli zao zilikuwa fupi na baridi kama kawaida ya miaka yote: naitwa fulani, nilikufa mahali fulani, amri ilipaswa kuwa kuzunguka kilima. Watu wakapiga makofi ya adabu. Kisha akaja Koku, wa mwisho kwa kuwa ndiye wa kwanza, akiburuta mguu wa kushoto kwenye nyasi. Madaktari walisema mguu hauna kitu. Brigedia alipoona hivyo aliinuka nusu kwenye kiti.

"Naitwa Koplo Dadi Hokororo," alisema Koku. Kipaza sauti kiliipeleka hadi kwenye majukwaa ya wazazi. "Nilikufa Daraja la Nsenkwa. Sikukimbia. Saa kumi na dakika kumi na nne nilimuuliza kamanda wangu kama magari yanakuja, akaniambia yako njiani. Saa kumi na dakika kumi na saba nilimwambia nasikia yanaondoka, akaniambia ni upepo. Alikuwa ndani ya gari. Kwenye redio nilisikia mlango ukifungwa. Niliwaondoa sita. Kumi na mmoja walibaki nami, wakafa wakisubiri. Mimi nilikuwa wa kumi na mbili, na taarifa haikunihesabu. Amri ilipaswa kuwa: rudini. Ni neno moja. Kamanda aliyeshindwa kulisema ni Kanali Sospeter Kahangwa. Sauti yake naijua. Ilinisomea hadithi nikiwa mdogo."

Hakuna aliyepiga makofi. Brigedia alikuwa amesimama kabisa sasa, kofia imeanguka, na uso wake ulikuwa umechakaa ghafla. Hakutazama umati wala majenerali wenzake. Alitazama ule mguu. Alikuwa amepigana vita viwili, na alijua mguu ule umeumia ndani ya ushanga, kwenye jeraha la Koplo Dadi, bila chujio.

Stamili alisimama nyuma ya platuni yake, kidevu juu, akiutazama uso huo kwa macho makavu, na roho yake ilishiba. Mtu angesema haikushiba angekuwa mwongo. Alitamani mama yake angekuwepo auone.

*

Baraza la uchunguzi liliketi wiki iliyofuata katika ukumbi mdogo wa chuo. Aliongoza Mkuu wa Chuo, Kanali Nashipai, mwanamke mwembamba aliyekuwa na haraka ya kumaliza. Swali lilikuwa moja tu: chujio liliharibika, au lilizimwa? Likiwa limezimwa, kauli ya marehemu ni karatasi tupu, Koplo Dadi anarudi kwenye orodha ya watoro, na Sajinitaji Hokororo anakwenda gerezani.

Walimuuliza Nambunga kwanza. Alisimama akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Mimi macho yangu yalikuwa kwenye mapigo ya moyo, afande," alisema. "Muulizeni aliyelala pale. Yeye ndiye aliyeumia."

Hakuapa alivyoahidi, na hakumchongea. Stamili, kwenye benchi la nyuma, aliona kwamba mzee amemuweka mikononi mwa mtu mmoja. Mtu huyo aliingia na fimbo ya kutembelea na nyota moja mpya kila bega.

Brigedia aliomba kusema na binti yake kabla hajajibu. Kanali Nashipai alisita, akakubali, kwa sharti wazungumze palepale mbele ya wote.

"Koku," alisema Brigedia. Alikuwa amekonda kwa wiki moja. "Mimi yangu nitajibu kwa Mungu. Lakini umesikia jina la huyu mama, na umeona alichokufanyia. Huo mguu si ajali, mwanangu. Sema kweli tu. Sikuombi zaidi ya kweli."

"Tata," alisema Koku, "ungeniomba kweli miaka saba iliyopita ningekupenda zaidi."

Akawageukia wajumbe, fimbo ikigonga sakafu.

"Luteni Usu Kahangwa," alisema Kanali Nashipai. "Ukiwa umevaa, ulisikia lolote ndani ya chumba? Kuna mtu aliyetaja chujio?"

Stamili alijua jibu. Masikio ya mvaaji hayafungwi kabisa, na Nambunga hakunong'ona. Washa. Stamili, washa. Umepata ulichokitaka. Mtoto huyu, aliyebeba mizigo ya wenzake bila kuambiwa, hajawahi kusema uongo mbele ya mkubwa tangu aingie getini. Stamili mwenyewe ndiye aliyeandika hivyo kwenye faili lake, kwa hasira, kwa kuwa hakuwa na baya la kuandika.

"Sikusikia chochote, afande," alisema Koku. "Chujio liliharibika."

Brigedia alifumba macho. Kanali Nashipai aliandika mstari mmoja, akapiga muhuri. Kwa muhuri huo Koplo Dadi Hokororo alikuwa amekufa kazini, na bendera yake ingepelekwa Newala.

*

Stamili alimkuta nje, kwenye ngazi za ghala la silaha, amekaa na mguu umenyooka mbele yake. Alitaka kusema asante na neno likamkwama. Katika maisha yake alikuwa amelitumia mara chache.

"Umesema uongo kwa ajili yangu," alisema mwishowe.

"Kwa ajili yako?" Koku alimtazama kama alivyotazama ramani, bila haraka. "Nimemsemea Dadi. Nilikuwa yeye kwa saa nzima, sajini. Hakustahili kurudishwa kwenye orodha ya watoro kwa sababu dada yake alishindwa kuacha. Kile kisa cha dakika kumi nilikisikia chote. Kumi ningekushukuru. Ningekuja na maua, niape kwa jina la mama yangu."

"Usingekuwa na kosa kama ungesema kweli."

"Ningekuwa na kosa kwake." Alijisugua goti lisilosikia. "Wewe na mimi ndio bado."

Upepo ulikuwa unapiga bati la ghala. Uwanjani, kuruta wapya walikuwa wanapigishwa kwata, na mkufunzi wao alikuwa laini mno. Stamili aliona makosa matatu kwa mara moja na akashangaa kwamba bado anayaona.

"Anayeongoza darasa huruhusiwa kuchagua sajini wa platuni yake," alisema Koku. "Karatasi imeshasainiwa. Nimekuchagua wewe. Tunakwenda Nsenkwa Jumatatu. Daraja limejengwa upya na wavamizi wamerudi ng'ambo."

"Na mguu huo?"

"Kichwa changu ndicho kinachotoa amri. Wewe ndiye utakayetembea."

Stamili alitafuta usoni mwa binti kama anatania. Alijua namna zake zote za kutania.

"Utaniacha pale," alisema polepole. "Utaniambia magari yako njiani."

"Sijui." Koku alisema hivyo kwa ukweli uleule uliomkera Stamili miezi yote ile. "Wewe dakika ya arobaini ulijua unachokitaka. Mimi bado sijajua ninachokitaka. Siku nitakayojua nataka uwe karibu, usikie sauti yangu redioni."

"Na nikikataa kwenda?"

Luteni Usu Kahangwa alijiinua kwa fimbo, akasimama sawa, akamsubiri.

"Sheria unaijua, sajini. Ataandikwa Hokororo mwingine, mtoro."

Stamili alimpigia saluti, akaenda kufunga begi.